Kebo Niliyoichomoa

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nivue viatu. Mlangoni pa chumba cha mitambo palikuwa na mkeka wa mpira, na kila aliyeingia aliacha viatu hapo, kwa sababu vumbi jekundu la Kampala huua mashine polepole. Sikuwa na soksi. Nilisimama pekupeku juu ya sakafu ya baridi, msichana wa kambi ya polisi ya Nsambya aliyetoka chuo cha ufundi majuzi tu. Mkuu wetu akanitazama miguu, kisha uso, akasema baridi hiyo nitaizoea. Tulimwita Injinia Mkuu. Hakuna aliyethubutu kumwita kwa jina.

Vita vya themanini na sita vilikuwa vimekwisha miaka kadhaa nyuma. Baba yangu, sajini kutoka kaskazini, hakurudi. Mama alivumilia kidogo kisha akaenda kuishi kwa kaka zake Lira, nami nikapanga chumba kimoja si mbali na nyumba za reli. Nilibaki mjini na Kiswahili cha kambini, ambacho ndicho ninachoandikia hapa, kikiwa kimesuguliwa kidogo na vitabu.

Kazi ya kampuni yetu ilikuwa kuunganisha kompyuta za maofisi. Mwanzoni tulitumia kifaa kilichoitwa habu. Habu haikuwa na akili yoyote: ikipokea ujumbe kupitia tundu moja, inautapika kwenye matundu mengine yote. Baadaye zikaja swichi, na Injinia Mkuu akanifundisha mwenyewe, akichora kwa chaki ubaoni. Alisema kila kompyuta ina anwani iliyopewa kiwandani. Swichi hutazama kila ujumbe unaoingia, ikasoma anwani ya mtumaji, ikakumbuka tundu alilopitia. Kesho akitafutwa, inajua alipo, na wengine hawasumbuliwi. Nilimpenda mwalimu yule. Alikuwa mkali, lakini alirudia somo bila kununa.

Baada ya miaka mingi ya kupanda ngazi za maofisi, nilipangiwa hospitali moja ya kufundishia madaktari, ambayo sitaitaja. Hapo ndipo nilipomkuta Kambale, fundi wa kebo kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, mkimbizi mwenye mke na watoto wanne. Aliniita dada. Mama yangu alikuwa mbali, na mchumba wangu, askari, alihamishiwa Moroto akaoa hukohuko. Mtu pekee aliyejua kama nimekula au sijala alikuwa Kambale. Mchana tuligawana chapati na maharage nyuma ya jenereta, na alinisimulia kuhusu barabara za kwao mpaka nikahisi nimezipita.

Hospitali ilitaka jambo ambalo halijawahi kufanyika pale. Daktari akipasua, kamera ipeleke picha yake kwenye kumbi kadhaa kwa wakati mmoja, wanafunzi waone. Kuupelekea kila ukumbi nakala yake kungelemea mtandao. Kwa hiyo tulitumia njia iitwayo maltikasti: kamera hutuma nakala moja tu kwa anwani ya kundi, na anayetaka kutazama hujiunga na kundi hilo.

Ugumu uko kwenye swichi. Anwani ya kundi si ya mashine yoyote, haitokei kamwe kama mtumaji, kwa hiyo swichi haiwezi kujifunza iko tundu gani. Isipojua, inafanya kama habu ya zamani: inamwaga picha kila mahali, hadi kwenye kompyuta ya karani wa dawa ambaye hakuiomba. Dawa yake ni kuiamuru swichi isikilize maombi ya kujiunga, na kuyakumbuka. Tukaiamuru. Picha ikaenda vizuri kwa dakika chache, kisha kumbi zote zikawa nyeusi. Tulijaribu tena, ikawa hivyohivyo.

Injinia Mkuu alijua sababu. Maombi yale hayadumu. Lazima pawepo kifaa cha kuuliza kila baada ya muda kama bado kuna anayetazama, ili watazamaji wajibu na swichi ikumbuke upya. Pasipokuwa na muulizaji, swichi inadhani wote wameondoka, inafunga. Kazi hiyo kwa kawaida hufanywa na ruta, kifaa kinachounganisha mtandao mmoja na mwingine, lakini ruta ya pale ilikuwa chini ya kampuni nyingine, na kampuni hiyo haikujibu barua zetu. Wageni kutoka Ulaya walikuwa wanakuja kutazama upasuaji. Injinia Mkuu akazima usikilizaji wote. Picha ikawaka, haikukatika tena. Nikamwambia kwamba sasa inamwagika hospitali nzima. Akasema anajua, ni siku moja tu.

Siku hiyo ilifika. Ukumbi mkubwa ulijaa, mimi nikiwa chumba cha mitambo, Kambale akiwa kwenye mlango wa ukumbi akiangalia kebo ya projekta. Taa za swichi, ambazo siku zote hukonyeza kila moja kwa wakati wake, ziliwaka pamoja zikabaki hivyo. Hazikuwa na nafasi ya kuzima.

Muuguzi mmoja aliingia na viatu vyake, hakutazama mkeka. Nilimjua kwa sura tu. Alisema wodi ya wazazi kuna mama anavuja damu tangu ajifungue, maabara wamepima kundi la damu na kutuma majibu, lakini skrini ya wodi imeganda. Simu nazo, ambazo zilipita kwenye mtandao uleule, zilikuwa kimya. Amemtuma mhudumu kwa miguu, lakini maabara iko chini ya kilima.

Nilikimbia hadi ukumbini. Injinia Mkuu alikuwa amesimama nyuma ya wageni. Nilimwambia sikioni hali ilivyo, nikamwomba tukate picha.

"Ngoja operesheni iishe," alisema kwa sauti ya chini. "Hawa ndio watakaotujengea wodi mpya."

"Mzee, kuna mama anakufa katika wodi iliyopo."

Aligeuza uso kuelekea skrini. Nilipotoka, nilikutana macho na Kambale pale mlangoni, karibu nasi kiasi cha kusikia kila neno. Nikarudi kwenye mitambo, nikashika kebo iliyoleta picha ya kamera, nikaichomoa. Taa zikaanza tena kukonyeza moja moja. Muuguzi aliondoka mbio kabla sijamwambia lolote, na simu ya mezani ikalia.

Niliitwa mbele ya Mkurugenzi wa kampuni. Alitaka kujua kwa nini niliwaaibisha mbele ya wageni bila kuomba ruhusa. Nikasema niliomba. Injinia Mkuu aliulizwa, akasema palikuwa na kelele, hakumbuki kuambiwa habari ya mgonjwa. Siku ile ukumbi wa wageni ulikuwa kimya kama kanisa. Kambale akaulizwa. Alitazama mikono yake, akasema hakusikia kitu.

Jioni alinifuata hadi kwenye kituo cha teksi.

"Dada, mimi niko mkimbizi," alisema. "Wakinitoa, watoto nitawapeleka wapi? Wewe uko kwenu."

Nilimwambia naelewa, na kweli nilielewa. Lakini chapati za nyuma ya jenereta ziliishia hapo. Mwaka uliofuata familia yake ilipata nafasi ya kwenda Kanada, nami nilisikia kwa watu wengine kwamba ameshaondoka.

Mimi nilipelekwa Namuwongo. Kampuni ilikuwa na kijumba cha mitambo kando ya reli, kwa ajili ya wateja wa viwandani. Kilihitaji mtu mmoja. Asubuhi nilifungua kufuli, nikavua viatu, nikakaa. Mabehewa ya mizigo yalipita, kuta zikatikisika, kisha ukimya. Nje watu wa Namuwongo walikuwa wakipiga nyundo, wakiuza samaki wa kukaanga, wakigombana na kucheka, na mimi nilikuwa ndani ya baridi, dirisha limefungwa kwa sababu ya vumbi. Zilipita siku ambazo sauti yangu niliisikia tu nikimsalimu mlinzi wakati wa kutoka. Mama alifariki Lira nikiwa hapo. Nilirudi kazini baada ya mazishi, na hakuna aliyejua nilikuwa nimekwenda wapi.

Katika upweke ule nilikuwa na swichi za akiba, za aina ileile ya hospitali. Nilizifungua, nikazichezea. Nikagundua kwamba swichi kuu yenyewe inaweza kuamriwa iwe muulizaji, bila kumngoja mwenye ruta. Nilijaribu siku nzima, picha haikukatika wala haikumwagika. Nikampigia Injinia Mkuu. Tulikuwa hatujazungumza tangu siku ya Mkurugenzi. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza maswali ya kitaalamu, mazuri, kama zamani ubaoni. Wiki hiyohiyo aliiweka amri ile hospitalini kwa mkono wake.

"Umefanya vizuri, Akello," aliniambia alipopiga tena. "Lakini kukurudisha siwezi."

Alistaafu kabla yangu. Aliyemrithi alinirudisha mjini, nikakuta vijana wengi, wapole, wakizungumza na simu zao zaidi kuliko na mimi. Nilikuwa nimezoea ukimya kiasi kwamba sikuwalaumu.

Mwaka wangu wa mwisho kazini nilipelekwa hospitali ileile kubadilisha swichi zilizochakaa. Muuguzi mkuu alikuja kutia sahihi, akanitazama kwa muda mrefu. Alikuwa yule aliyeingia na viatu vyake. Nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kuwa na mtu wa kumuuliza.

"Damu ilifika," alisema. "Lakini maambukizi yalimshinda. Aliishi hadi Jumapili. Mume wake aliwahi kufika kutoka Arua, wakaongea. Mtoto, mama mwenyewe ndiye aliyempa jina."

Sasa nakaa Ggaba, chumba na sebule. Mimi huzungumza na wauza samaki asubuhi, kisha siku inakuwa ndefu. Watu wananiuliza kama kazi ile ilikuwa na faida kwangu. Najibu kwamba niliijua vizuri na niliipenda, na kwamba haikunipa watu wa kukaa nao. Yote mawili ni kweli, na sijui jinsi ya kuyapatanisha.

Siku niliyopata habari ya yule mama, nilifika nyumbani nikakuta sina wa kumwambia. Nikatafuta namba ya Injinia Mkuu. Aliitikia binti yake, akasema mzee hasikii vizuri, niongee kwa nguvu. Akampa simu, nikamweleza mzee yote: damu, Jumapili, mume kutoka Arua, jina la mtoto.

"Asante kwa kuniambia," alisema. "Nimekuwa nikijiuliza miaka yote hii."

Nikasema hata mimi. Baada ya hapo hatukuwa na la kuongeza. Nilimsikia akipumua, na nadhani naye alinisikia, na hakuna kati yetu aliyekata simu.