Mbwa wa Natanaeli

Mimi nilimwomba Natanaeli paka. Panya walikuwa wamemaliza nusu ya mahindi yetu darini, na kila mama hapa Mlalo anajua kwamba dawa ya panya ni paka. Lakini mume wangu alikuwa mpishi wa mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa, na mzungu alipofunga mizigo kurudi kwao Ulaya, Natanaeli akaja nyumbani na mbwa wa mzungu huyo, ameshika kamba kama mtu aliyepewa uchifu.

"Huyu atatulinda, mama Yona," akasema. "Hakuna atakayetuchezea tena."

Kutulinda! Dubwana lile, kama nilivyokuja kujua baadaye, lilikuwa limefundishwa kuchukia ngozi nyeusi. Lilimng'ata mama mkwe wangu uani, hata shikamoo yangu hajaiitikia. Lilimkimbiza mwinjilisti mpaka kwenye migomba. Mimi niliyelipikia ugali lilinitolea meno kila siku. Majirani wakaacha kuja kwetu. Natanaeli akawa na neno moja tu: "Vumilia, atazoea."

Kisha akaja bwana shamba, mzungu aliyekuwa akitulazimisha kuchimba matuta mlimani mpaka viuno vikatukatika. Nikasema moyoni, leo ugali wangu haukupotea bure. Nikalifungua kamba mwenyewe.

Likamkimbilia, likamlamba mikono, likagaragara miguuni pake.

Nikamgeukia mume wangu ili ajionee mwenyewe. Alikuwa amekwishavua kofia, ameinama, anatabasamu.