Arobaini Juu ya Mapaa

Nilikaa meza moja na Nereida Covarrubias miaka sita, na kichwa kigumu kama chake sijakiona tena. Studio yetu ya Guadalajara ilipopewa filamu ya kale ya nyeusi na nyeupe, iliyopigwa kijijini kwao, ambayo onyesho lake moja liliungua, aliking'ang'ania kipande hicho akitengeneze upya kwa kompyuta. Mwongozaji akamwambia wazi: Ijumaa saa sita mchana, kipya kiungane na cha zamani bila mtu kushtukia, la sivyo kazi inahamia studio nyingine.

Vivuli vikamshinda. Katika filamu vilikuwa vyeusi ti, vikali, na kila mtu alikuwa navyo viwili, vitatu. Nereida alikuwa ameweka jua moja. Halafu kulikuwa na doa la mwanga lililozurura ukutani bila adabu.

"Mpigie bibi yako, si alikuwepo filamu ikipigwa?" nikamwambia Jumatano.

"Bibi anajua nini kuhusu kompyuta?"

"Anajua ukuta wenu, mjinga wewe!"

Alhamisi asubuhi Bibi Eufrosina akashuka kwenye basi na ndoo ya tamale, vile vitumbua vya mahindi vyenye nyama vilivyofungwa kwa maganda. Alipoona kazi yetu alicheka mpaka akashika meza.

"Jua gani, mjukuu wangu? Taa za sinema zitoke wapi, na umeme hatuna! Tulipanda mapaani kijiji kizima na mifuniko ya masufuria, tukawamulikia waigizaji jua. Mkono ukifa ganzi, unatukanwa wewe na ukoo wako wote!"

Nereida aliruka. "Mifuniko mingapi?"

"Arobaini. Wangu ulikuwa umebonyea."

Jamani, siku ile! Tulipandisha mifuniko kwenye mapaa ya kompyuta huku tunakula tamale, vidole vimejaa mafuta, na bibi anatuamrisha: "Mfuniko wa jirani yetu Chona ushushe, alikuwa mfupi! Huyo naye alikuwa mvivu, mpunguzie mwanga!" Vivuli vikaja kimoja kimoja, vikali vilevile. Tulicheza katikati ya meza. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa.

"Na hili doa, bibi?" Nereida akauliza.

Bibi akaona haya. "Hilario huyo. Aliambiwa ammulike mwigizaji. Akawa ananimulika mimi."

Hilario ndiye babu yake Nereida, tuliyemzika mwaka juzi. Nereida akampandisha kwenye paa lake, akamgeuza upande wa bibi.

Ijumaa mwongozaji alitazama mara tatu akitafuta maungio, hakuyaona. "Imepita," akasema. Tulipiga kelele hadi wa ghorofa ya chini wakagonga dari.

Bibi hakutusikia. Kwenye skrini doa lilimwacha mwigizaji, likateleza ukutani, likawa linakuja upande aliokuwa amesimama yeye. Akakinga macho kwa kiganja.

"Acha, Hilario," akasema. "Watu wanatuona."