Upinde Uliopimwa kwa Mikono ya Madut

Upote wa upinde ulimchapa Gai ndani ya kiwiko cha kushoto, pale pale ulipomchapa wiki iliyopita. Mshale ulipita juu ya robota la nyasi, ukapotelea vichakani chini ya mlima wa Jebel Kujur, na mbuzi waliokuwa wakila huko wakatawanyika.

"Leo hata mbuzi umewakosa," alisema Jael.

Jael ni Mkenya, mwalimu wa shule ya msingi mjini Juba. Jumamosi huwafundisha watu wachache kulenga shabaha. Alimpokonya Gai upinde, akautazama mkono wake uliokwisha kuvimba.

"Nimekuambia mara ngapi? Huu si wako."

"Ni wa kwetu, Kochi."

"Wa kwenu, sawa. Lakini saizi ni ya kaka yako Madut."

Upinde wa mti kila mtu huuvuta kadiri mikono yake inavyofika. Upinde wa puli, ule wachezaji wanaouita kompaundi, hauko hivyo. Una magurudumu kwenye ncha zake, na magurudumu hayo hupangwa kwa urefu maalumu wa kuvuta. Mvutaji akifika mwisho wa urefu huo, uzito hupungua ghafla, naye anaweza kutulia na kulenga. Asipofika, anabaki na mzigo wote mkononi, akitetemeka. Akilazimisha, bega linasukumwa mbele na kiwiko kinaingia kwenye njia ya upote. Kwa sababu hiyo anayechagua upinde hupimwa kwanza mikono, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Magurudumu ya upinde wa Madut yalikuwa ya kipimo kimoja tu, hayarekebishiki.

Madut alimzidi mdogo wake kwa nusu kichwa. Alifariki mwaka jana kwa ugonjwa wa figo, akamwacha mkewe Yar na mabinti wawili, Akuol na mdogo wake. Baada ya mazishi, baba wakubwa walikuja kutoka Bor, wakaketi uani kwenye nyumba ya mtaa wa Munuki, Juba, na kusema yale ambayo Wadinka husema mume anapokufa na mdogo wake yupo: Gai atasimama mahali pa kaka yake. Ataishi na Yar, na watoto watakaozaliwa wataitwa wa Madut. Gai, karani wa benki ambaye hajaoa, alikubali kabla hawajamaliza kusema. Yar hakuulizwa. Wazee walisema watarudi kiangazi kulikamilisha jambo hilo.

Vijana wengi waliokulia Kenya kama Gai hulikimbia jambo hili. Yeye alilikumbatia. Alihamia chumba cha uani, akawapeleka watoto shule kwa pikipiki ya marehemu, akaanza kwenda Jebel kila Jumamosi na upinde mgongoni, ndani ya mkoba wake kama gitara. Askari wa kizuizi cha barabarani, waliokuwa wakimtania Madut, sasa walimtania yeye: "Ya zol, bwana wee, shuka utupigie gitara!" Utani huo ulimfurahisha kuliko alivyoweza kueleza.

Shule zilikuwa zinakaribia kufungwa, na Jael alikuwa akienda Nairobi.

"Nakuletea wako," alimwambia. "Nguvu ya kuvuta tunaanza na ya chini, hiyo niachie. Jicho lako la kulia ndilo linaloongoza, kwa hiyo utakuwa wa mkono wa kulia. Mimi nataka kipimo tu. Nitumie leo."

Yar ni fundi cherehani, na tepu haimtoki shingoni. Jioni hiyo Gai alisimama kwenye ukuta wa baraza, mikono ameitandaza, mabinti wakimcheka kwamba anko anajifunza kuruka.

"Usijinyooshe," Yar alisema.

"Sijinyooshi."

"Vidole vinatetemeka, Gai. Wanaume wote mko hivyo. Mkiona tepu mnataka kuwa wakubwa." Akasoma. "Mia moja sabini na nane."

"Mwandikie mia moja tisini."

"Hiyo ni ya Madut."

"Najua. Alete wa saizi yake, lakini mwepesi. Nitauzoea. Mwili unazoea."

Yar aliwatuma watoto kwa jirani, akangoja mpaka walipotoka getini.

"Na mimi pia utanizoea?"

Gai alishusha mikono.

"Unavaa koti lake," Yar alisema. "Unakalia kiti chake. Juzi umeniita Mama Akuol, kwa sauti yake kabisa, nikaitika. Halafu nikaingia jikoni nikalia mpaka ugali ukaungua. Ulikula ule ugali, hata hukuuliza."

"Nilidhani nakusaidia."

"Unanisaidia. Lakini Madut amekufa. Malesh, nisamehe, Gai, amekufa. Tangu tulipoishi wote Nakuru wewe ni ndugu yangu. Ukilala pale alipolala, nitakuwa sina mume, na ndugu pia sina."

"Wazee nitawaambia nini?"

"Sema Yar amekataa."

"Ukikataa wewe, watachukua watoto."

Yar alijua ni kweli. Alianza kuikunja tepu, akaikunja vibaya, akaanza upya.

Gai alimwandikia Jael kipimo chake halisi. Kisha alitoka hadi barabarani, mbali na masikio ya majirani, akampigia baba mkubwa simu. Alisema kwamba ni yeye aliyekataa. Alisema ana mwanamke Nairobi, jambo ambalo halikuwa kweli, na kwamba Yar alikuwa tayari siku zote.

"Kwa hiyo kaka yako umemwacha bila mtu," mzee alisema, akakata simu. Tangu siku hiyo hakuna jamaa wa Bor anayepokea simu ya Gai.

Kabla wazee hawajampata mtu mwingine wa ukoo wa kusimama mahali pa Madut, Yar aliondoka na mabinti kwenda kwa mama yake Nakuru. Gai aliwasindikiza hadi kituo cha basi. Akuol alimuuliza kwa nini yeye haendi. Alimjibu kwamba kazi ni nyingi.

Upinde mpya ulifika na Jael shule zilipofunguliwa. Ni mweusi, mfupi kidogo kuliko ule wa zamani. Jumamosi ya kwanza Gai alisimama kwenye mstari, akavuta. Mkono ulifika mwisho bila kulazimishwa, uzito ukashuka, upote ukatulia shavuni. Mshale wa kwanza uliingia kwenye duara la njano, katikati ya shabaha. Wa pili ukaingia karibu nao, na wa tatu pia.

"Umeona sasa?" Jael alisema. "Ni rahisi tu."

"Ni rahisi," Gai alisema. Aligeukia mlimani, akajifuta macho.

Jael alikwenda kuchomoa mishale. Ilikuwa mitatu tu, lakini alikaa kule kwenye robota muda mrefu, akiikagua mmoja mmoja, mgongo ameuelekeza kwake.