Mgogo alituonya kuhusu nyuki wa bustanini, tukadhani ni utani. Mama hakurudi

Wakuu, heshima zenu. Hii siyo chai. Nimeiandika na kuifuta mara nne, leo naiacha hivi hivi ilivyo.

Mama yangu amefariki kwa kuumwa na nyuki, na ndugu zangu wote wanamlaumu mlinzi mmoja kwamba hakutuonya. Alituonya. Aliyepuuza ni mimi.

Sisi ni Wanyamwezi wa Tabora mjini. Nje ya mji kuna bwawa, na ukifuata ukingo wake kwa miguu kama nusu saa unafika kwenye bustani ya miti ya asili. Njia tambarare, hata mtoto mdogo anaimaliza. Kila mti una kibao cha jina: mninga, mkurungu, mkwaju.

Mama alikuwa na magoti mabovu, lakini aliililia safari hiyo wiki nzima. Alitaka kumwonyesha mjukuu wake miti ya dawa.

Jumapili baada ya ibada tukatoka. Mimi, waifu, binti yetu wa miaka saba, na Mama na fimbo yake.

Upepo mzuri, maji yametulia, Mama anaongea tu njia nzima. Nilikuwa na furaha sana siku ile, na hiyo ndiyo inaniuma zaidi.

Karibu na bustani tukakutana na mlinzi, mzee mmoja Mgogo.

Kwa msiojua: Wagogo na Wanyamwezi ni watani. Babu zetu walipita kwao na mizigo ya pembe kwenda pwani, wakatozwa hongo, wakagombana weee mpaka ugomvi ukageuka utani. Tukikutana hakuna neno linalopita salama.

Mzee akapaza sauti: "Nyie wapagazi, geuzeni! Kuna nyuki wamehamia pale langoni, wamechokozwa. Mkifa hapa mimi sina nguvu ya kuwazika!"

Mama akacheka mpaka akaegemea fimbo. "Mgogo wewe, unataka asali yote ule peke yako!"

Nami nikadakia: "Sisi ndio wenye nyuki, mzee. Wewe kachunge ng'ombe."

"Nasema kweli," akasema.

Jamani, mtani gani hasemi "nasema kweli"? Waifu ni Mchaga, utani wetu haujui. Aliniuliza mara mbili kama si bora turudi. Nikamwambia achana naye huyo.

Hatua kama hamsini tu, wakatushukia.

Sitaeleza yote. Nilimkwapua binti, nikamfunika na shati, nikakimbilia majini, waifu nyuma yangu. Nilipogeuka, Mama alikuwa amekaa chini, khanga kichwani. Magoti yaligoma.

Aliyemfuata siyo mimi mwanaye. Ni yule Mgogo, na kienge cha majani kinafuka moshi mkononi. Alimbeba mgongoni mpaka barabarani huku nyuki wanamuuma yeye.

Mama alikata roho tukiwa njiani kwenda hospitali.

Msibani kaka mkubwa akaniuliza: "Mlinzi alikuwa wapi? Hakuwaambia kitu?" Nikainamisha kichwa. Waifu akanitazama, akanyamaza kwa ajili yangu.

Siku ya mazishi mzee akaja, uso bado umevimba. Mnajua kazi ya mtani msibani: kuzuia jeneza, kujilaza kaburini, kumkejeli marehemu mpaka wafiwa wacheke. Watu walimsubiri aanze. Wapi! Alishika sepetu, akachimba, akatoka, akakaa pembeni.

Basi ukimya wake ukawa ndio ushahidi. Kaka akasema kwa sauti, "Mnaona? Dhamira inamsuta."

Mzee akanitazama mara moja tu. Neno langu moja lingetosha. Sikulisema. Nilikuwa mwoga, sina jina lingine la kujipa.

Wakuu, funzo langu ni hili: mtani akirudia jambo na hacheki, simama, muulize vizuri. Utani ni mtamu lakini watoto na wazee wako wapo nyuma yako.

Jumamosi hii ndugu wote tunakutana kwa kaka, nataka nisimame niseme. Mliowahi kukiri kitu kizito mbele ya familia, mlianzaje? Wenye matusi nao waandike, nitasoma yote.

Mzee nilishamwendea kuomba radhi. Nikamwanza kwa utani kama zamani, nikamwita mchunga ng'ombe. Akanivutia kiti, akainamisha kichwa kwa adabu, akasema, "Karibu, bwana."