Ndege wa Betri Ndani ya Eda

Kaka yangu Shomari alipofariki, mwaka tisini na tatu, mjane wake Mwanaheri alikaa eda kwetu Temeke: miezi minne na siku kumi ndani ya chumba kimoja, na mie wifi yake nikawekwa mlangoni kumwangalia. Nilimchoka kabla hata hitima haijasomwa.

Mwanaheri alikuwa akipiga kinanda kwenye kikundi cha taarabu cha Bi Lulu. Kaka alipiga fidla pembeni yake, na mtaa mzima ulijua sikio ni la kaka: yeye ndiye anayeushika wimbo mpya, mke anamfuata. Kwa hiyo Bi Lulu alipokuja kuhani hakumficha.

"Pole, mwanangu. Ukitoka eda nitakupigia wimbo usiowahi kuusikia. Ukiushika, kiti chako. Usipoushika, nina mtu mwingine."

Kinanda kilifungiwa stoo, maana mama asingevumilia muziki msibani. Mwanaheri akawa analia tu. Analilia mume au kiti, sikujua, na sikuuliza.

Nikampa gemu la mkononi nililotumiwa kutoka Maskati. Kwenye kioo chake ndege analia sauti tatu, nne, nawe unabonyeza vitufe umjibu vilevile. Ukikosea, ndege anaanguka. Mama aliona mchezo wa watoto, akanyamaza. Wiki ya kwanza ndege alianguka mpaka nikamhurumia, kwa sababu kila sauti Mwanaheri alinigeukia mie kwanza, kama anangoja ruhusa. Mwezi wa pili aliacha kunigeukia. Akawa anajibu sauti kumi na mbili huku amefumba macho, na honi za barabarani anazirudia kwa mdomo. Nilitamani kumtupa nje yeye na ndege wake.

Siku moja akaniomba kanda ya harusi waliyopiga Mbagala. "Nataka kumsikia marehemu."

Nikaiweka, sauti chini. Akasikiliza, akairudisha nyuma, akasikiliza tena.

"Wifi, nani anaanza hapo?"

"Si kaka?"

"Hebu sikiliza vizuri."

Nilikasirika, lakini mara ya tatu nami nikasikia. Kinanda kinaingia kwanza. Fidla inakuja nyuma yake, wimbo hadi wimbo, kama mtoto aliyeshika upindo wa kanga ya mamake.

"Alikuwa anajua?" nikauliza.

"Hongera zote alikuwa anapewa yeye. Angekosaje kujua?" Akazima kanda. "Nimebakiza siku thelathini humu ndani, wifi, na siwezi hata kumgombeza. Usimwambie mama. Ndiye mwanawe wa pekee wa kiume."

Siku ya kutoka eda tulikwenda wote kwa Bi Lulu. Wimbo ulipigwa mara moja tu. Mwanaheri hakumtazama mtu, akaurudisha wote, hakuacha hata kipande. Bi Lulu alipiga vigelegele. Mama alifuta machozi.

"Marehemu alikufundisha, mwanangu," Bi Lulu akasema. "Mungu amrehemu."

Mwanaheri akanigeukia, kama siku zile za mwanzo.

"Amin," nikawahi mie.

Akainamisha kichwa, naye akaitikia.