Eda Mbili, Tanuri Moja

Watu wa Kibiti walidhani namwonea mke mwenzangu wivu wa mume. Mume! Mume tulikuwa tukigawana zamu bila kelele, na siku nyingine nilimsukumia mwenzangu zamu yangu nikalala zangu kwa raha. Wivu wangu ulikuwa wa kuni. Nasema wazi, maana waliokuwa wakinisengenya nyuma ya mgongo walisengenya jambo lingine kabisa.

Mimi ndiye niliyeanza kuuza kuni pale nyumbani. Nilikuwa nakwenda porini upande wa Umwe na panga langu, nakata mikwaju iliyokauka na matawi yaliyoanguka, nafunga mzigo na kuubeba kichwani mpaka kando ya barabara kuu. Hapo napanga mafungu yangu, nakaa juu ya kipande cha gunia. Anayetaka kuni aje. Ndivyo mama yangu alivyouza huko kwetu kwenye vilima vya kusini, nami sikuona sababu ya kubadili. Kuni zangu hazikuwa na miguu.

Kisha ikaja enzi ya ruksa. Madukani vikarudi vitu tulivyokuwa tumesahau hata harufu yake: sabuni ya kuogea, khanga mpya, tairi za baiskeli, unga wa ngano. Unga uliporudi, Mhindi mmoja mwenye duka karibu na stendi akafufua tanuri la mikate la marehemu baba yake, lililokuwa limegeuka banda la kuku. Tanuri lile lilikula kuni asubuhi na jioni. Nikajua riziki yangu imefika. Nikampelekea salamu kwamba nipo, mafungu yangu anayaona, atume mtu.

Hakutuma mtu. Bi mdogo alimfuata mwenyewe.

Bi mdogo alitoka delta, kwenye mikoko, mtu wa maneno machache na mikono isiyotulia. Alimwomba mume wetu baiskeli, naye akampa, baiskeli ambayo mimi miaka yote ile sikuwahi kupewa hata siku moja. Kweli sikuwahi kuiomba. Lakini angenipa bila kuombwa angepungukiwa nini? Mwenzangu akachanja kuni zake nyembamba, za urefu mmoja, akazikausha juu ya uchanja, akazifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira na kuisukuma mpaka mlangoni kwa Mhindi. Akazipanga kando ya tanuri kwa mikono yake. Wakati wa kurudi, baiskeli ikiwa tupu, aliipanda, khanga inapepea, kengele inalia krii krii hata pale ambapo njia haikuwa na mtu.

Haukupita muda mrefu, mama ntilie wa stendi nao wakataka kuletewa. Mimi nikabaki barabarani na mafungu yangu, nawauzia wapita njia wanaopunguza bei mpaka aibu inawashika wenyewe. Yeye faida yake ikapanda ukutani mpaka juu: akaezeka chumba chake bati. Mvua ikinyesha, bati lile lilipiga kelele, nami chini ya makuti yangu niliona anafanya makusudi. Roho iliniuma, sikufichi. Nilimchukia kwa kila kipande cha kuni alichokichanja vizuri.

Mume wetu akafariki kwa homa ya siku chache. Tukamzika, nasi wajane wawili tukaingia eda katika nyumba moja, hakuna kutoka, hakuna kujipamba. Nililia, na machozi yangu yalikuwa ya kweli, kwa sababu alikuwa mtu mwema. Lakini machozi yalipokauka nikaanza kuwaza. Miezi minne na siku kumi, yeye ndani, mimi ndani. Baiskeli imeegemea ukuta. Tangu tanuri lile liwashwe, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tuko sawasawa.

Mke wa Mhindi alipokuja kutupa pole, nikamnong'oneza. "Shoga, sisi sote hatutoki. Kwa sasa chukueni kuni popote. Nikimaliza eda nitawaletea mimi, mpaka mlangoni." Akaitikia vizuri. Nikajiona mjanja kweli kweli.

Wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, alikuwa amekuja kukaa nasi, na alinisikia. Alicheka mpaka akashika mbavu, msibani pale pale. "We bi mkubwa, kwani huyu mwenzio huoni tumbo? Eda ya mwenye mimba ni kuzaa. Akijifungua kesho, eda yake kesho imekwisha!"

Hilo sikulijua, wallahi. Nilidhani eda ni moja kwa wajane wote. Kuanzia siku hiyo nikawa nalitazama tumbo la bi mdogo kama mtu anayetazama chungu cha jirani kinachotokota na chake hakijapata moto.

Akajifungua mtoto wa kike kabla hata arobaini ya marehemu haijasomwa. Akapumzika siku zake za uzazi, kisha asubuhi moja nikamwona ameshika baiskeli. Mimi eda yangu bado.

"Bi mkubwa," akaniambia, "wewe upo ndani hata hivyo. Nishikie mtoto nipeleke kuni, nitarudi kumnyonyesha."

Upo ndani hata hivyo! Neno lile lilinichoma. Nilimpokea mtoto kwa sababu tu wifi alikuwa ananitazama. Kengele ikalia uani krii krii, ikaelekea kwenye tanuri langu.

Mimi sikujaliwa kuzaa. Sikuwahi kushika mtoto mchanga zaidi ya muda wa kumpongeza mzazi. Huyu alikunja uso, akalia, nikamweka begani, akanyamaza. Kesho yake alinyamaza upesi zaidi. Nikajua anapenda kulazwa kifudifudi juu ya mapaja yangu, na kwamba wimbo wa kutwangia wa kwetu humlaza mara moja. Mama yake alirudi ananuka jasho na utomvu, maziwa yamemjaa, anamnyakua. Mtoto alinyonya haraka haraka, kisha kichwa kikageuka kunitafuta mimi. Na bado nilikuwa nawaza tanuri tu. Kila jioni nilinoa panga langu ili mwenzangu asikie.

Siku ya kutoka eda wakaniogesha, wakanivisha doti ya khanga aliyoninunulia bi mdogo. Ilikuwa nzuri mno, nayo ikaniudhi. Asubuhi iliyofuata nikachukua panga na kamba, nikasimama mlangoni.

Mtoto akaanza kulia mikononi mwa mama yake. Mama akampa ziwa, mtoto akalikataa. Akamfunga mgongoni, akazidi kupiga mayowe.

"Mlete," nikasema.

Alinyamaza hata kabla sijamweka sawa begani.

Bi mdogo akanitazama. Jicho lile nalijua, nimelibeba mimi mwenyewe miaka yote. Ndilo nililoitazamia baiskeli, ndilo nililolitazamia bati. Sasa lilikuwa usoni kwake.

"Chukua tanuri," akasema. "Chukua na baiskeli, bi mkubwa. Nipe mwanangu."

Nilikuwa nimelisubiri neno lile tangu Mhindi alipowafukuza kuku. Nikaweka panga chini. Nikavua khanga ya juu, nikamfunga mtoto mgongoni kwangu, nikakaza fundo.

"Kuni zako zimechelewa," nikamwambia. "Mhindi anangoja."

Akaikokota baiskeli mpaka ikapotea nyuma ya mikorosho, na siku hiyo kengele haikulia.