Nilivyoipeleka Pua Yangu Dar

Pale Katonga, mwaloni kwetu Kigoma wavuvi wanaposhusha samaki, sisi wanunuzi wa dagaa hatuamini macho. Unachota konzi, unapuliza vumbi, unanusa, ndipo unasema neno. Dagaa walionyeshewa wakaanikwa upya hung'aa vilevile, ila harufu huwaumbua. Mimi niliteleza mwaloni nikavunjika pua, nikapasuliwa, ikapona imeziba kabisa na imepinda, kama inachungulia Kongo ng'ambo ya ziwa. Tangu hapo mwenzangu wa biashara, Zuhura, ndiye aliyeninusia. Ananusa vizuri, lakini anatangaza! "Nipisheni nimnusie bibi harusi!" Mwalo mzima unacheka. Nilichoka jamani. Pua isipofunguka, kazi niliyoachiwa na mama imekwisha. Nikaamua kwenda kuirekebisha.

Stesheni ya Kigoma, Zuhura alinipa furushi la samaki wakavu, migebuka, nimpelekee dada yangu. Kabla ya Uvinza abiria wakaanza kujifunika nyuso. "Nani kabeba mzoga humu?" akauliza mzee aliyeketi mbele yangu. Mimi sikusikia harufu yoyote, nikajifunika kanga na kulalamika kuliko wote. "Watu wengine hawana haya, mzee wangu!" Mkoba wenye furushi ulikuwa chini ya miguu yangu.

Dar, dada alinipokea ameziba pua. "We mtu, umekuja na nini?" Kumbe migebuka haikukauka vizuri. Tukaizika nyuma ya nyumba.

Hospitalini daktari alinionyesha picha za pua. "Mama, unapenda ipi?"

"Inayonusa dagaa."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Kuinyoosha na kufungua njia ya hewa angeweza, akasema, lakini pua inayopasuliwa mara ya pili ina makovu, na harufu hawezi kuniahidi. Nikamwambia: "Fanya tu, daktari."

Alikata kipande cha gegedu nyuma ya sikio akaegemezea pua. Dada akaniambia pua sasa ina sikio, nikisengenywa nitapiga chafya. Plasta zilipotolewa, hewa iliingia baridi, tamu. Harufu, hakuna. Wiki zikapita, hakuna. Nilipanda treni ya kurudi nimenuna, sitaki hata salamu.

Tulipoiacha Tabora kitu kikanigonga puani. Uvundo! Nikageuka huku na huku kumtafuta mwenye nao. Harufu ikanishusha mpaka chini, kwenye mkoba wangu mwenyewe. Migebuka ile ilikuwa imeacha ukumbusho. Nikaukumbatia, nikaunusa, nikalia machozi.

"Una msiba, mwanangu?" akauliza mama mmoja wa Kasulu aliyekaa karibu.

"Hapana mama, mkoba wangu unanuka!"

Akahama kiti.

Dada alipiga simu kuuliza safari imenifunza nini. Nikamjibu: kukagua mzigo wangu kabla ya kutukana watu wa behewa. Akaniuliza na pua je? Nikamwambia bado inatazama Kongo, ila kidogo tu, na sasa ina shughuli zake.

Katonga, asubuhi. "Mwakeye!" nikawasalimu. Zuhura alikuwa ameshachota konzi kwa Baba Rehema, muuzaji wetu wa siku nyingi. "Nipisheni nimnusie bibi..."

Nikamshika mkono. Nikachota mwenyewe, nikapuliza vumbi, nikanusa. Nikanusa tena, kwa raha zangu. Baba Rehema alikuwa anatabasamu.

"Hawa walinyeshewa," nikasema.

Tabasamu likamtoka. Akamgeukia Zuhura kwa hasira: "Kama kapona, si ungesema mapema?"